Mke Mwenza wa Msituni

Watu wa Siguyan, kijiji cha wawindaji kando ya mto Bikin, walikuwa na utani wao mmoja juu ya Glafira Peonka, na ulidumu miaka mingi kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuukasirikia. Walisema ameolewa uke wenza. Mumewe, Innokenti, alikuwa mtegaji. Mto Bikin ukishaganda alipanda msituni, na hakuonekana tena mpaka barafu ianze kupasuka, kule akitega vicheche weusi ambao manyoya yao huishia mabegani mwa matajiri wa mbali. Huko juu kwenye misonobari aliishi chui milia jike, mkubwa, aliyekosa kidole kimoja cha mguu wa mbele. Wote wawili walitumia njia moja. Innokenti akipita asubuhi na skii zake, zile mbao za kutelezea thelujini, theluji ikashindiliwa vizuri, jioni yule chui hupita juu ya alama zilezile, maana hata mnyama hapendi kuzama hadi tumboni wakati njia ipo.

"Glafira," wanawake walimchokoza dukani, "mwenzio kapewa msimu mzima, wewe umeachiwa kiangazi cha mbu. Hiyo ni zamu gani?"

"Amchukue tu," alijibu. "Akirudi kwangu kazi yake kukoroma."

Walicheka, lakini walichekea chinichini, kwani kwa Waudege, kabila lao, chui milia ni Mzee. Hatajwi ovyo, na hakuna mtu mwenye ukoo anaoupenda anayemlenga bunduki. Mabibi walisimulia kuhusu wawindaji waliothubutu, na jinsi nyumba zao zilivyozimika moja moja, kama mishumaa kwenye upepo.

Innokenti alifia kibandani mwake, moyo ukiwa umesimama, kikombe cha chai kimeganda mezani. Aliyemkuta ni mdogo wake, Pankrat. Alipomleta nyumbani kwenye kijigari cha kuburuta, amefungwa turubai, alimwambia Glafira jambo ambalo afadhali angelinyamazia: kwamba kibanda kizima kilikuwa kimezungukwa na nyayo, duara juu ya duara, na mlangoni theluji ilikuwa imeyeyuka pale mnyama mkubwa alipolala.

"Alikuwa anamlinda, shem," alisema Pankrat, machozi yakimganda kwenye kope.

Glafira alilitazama lile turubai. "Alikuwa anamlinda," aliuliza, "au alikuwa anasubiri?"

Na swali hilo, likishatoka mdomoni mwa Glafira, halikurudi ndani.

Mwaka uliofuata, kila mtu alijua kuwa njia ya mitego itakuwa ya Pankrat. Lakini mto ulipoganda, Glafira alitoa skii za mumewe darini, zile zilizovikwa ngozi chini ili zisiteleze kurudi nyuma, akazipaka mafuta.

"Shem, huko si pa mwanamke," Pankrat alilalamika.

"Na hapa? Hapa pana nini cha mwanamke? Viazi na wewe?"

Akapanda. Hakujua kwa hakika anafuata nini. Alijiambia ni vicheche. Lakini siku ya kwanza aliporudi nyuma kukagua mitego yake, akaona juu ya alama za skii nyayo za duara, pana kama sahani, moja ikiwa na pengo la kidole, aliishika bunduki yake, na katikati ya hofu hiyo akahisi kitu kilichofanana na kukaribishwa.

Wakaishi hivyo misimu kadhaa. Wakikutana ana kwa ana, jambo lililotokea mara chache, Glafira alisimama, akageuza mtutu wa bunduki chini, na kusema kama alivyofundishwa na bibi yake: "Mkubwa, sote tuna njaa, sote tuna njia. Nipishe, nikupishe." Yule chui alimtazama, akamtambua, kisha akaingia vichakani bila haraka, kama mwanamke anayeondoka kisimani bila kutaka ionekane kuwa amefukuzwa. Wakati mwingine alikuwa na watoto. Glafira akikata kulungu, alimwachia matumbo na mbavu kando ya njia. Alianza kumwita Mwenzangu. Mwanzoni kwa mzaha, kisha bila mzaha.

Ugonjwa ulianza katika vuli ile ambayo misonobari ilizaa sana. Kokwa zilikuwa nyingi hata watu wakaja kuziokota kutoka vijiji vya chini, na magari, na mahema, na mbwa wao. Baadaye, kila mtu alipokuwa anatafuta wa kumlaumu, wengine walisema ni mbwa hao walioshuka kwenye magari wakikohoa. Lakini Glafira alikumbuka jambo jingine. Siku zilezile, mchana kweupe, nyegere alitokea msituni akapita mbele ya kibanda cha mitego, alikokuwa amepanda mapema kukitengeneza kwa msimu. Nyegere wa kule ni mnyama wa giza, mnene, mwenye haya; huyu alitembea kama mlevi, povu mdomoni, akakanyaga majivu ya moto na hakushtuka. Mbwa zake watatu walimrukia wakamrarua. Glafira aliwaita, lakini walikwisha kumlamba damu.

Kabla theluji haijakaa vizuri, mbwa walianza kufa Siguyan. Kwanza macho yalitoa tongo, pua zikakauka na kupasuka. Kisha kikohozi. Kisha waliodhaniwa wamepona waliangukia ubavu wakapiga miguu hewani kana kwamba wanakimbiza kitu usingizini, wakaendelea kukimbia hivyo mpaka roho ikatoka. Ardhi ilikuwa imeshakuwa jiwe, hakuna wa kuchimba. Watu walifanya kama walivyofanya siku zote: waliburuta mizoga ng'ambo ya mto, wakaiacha kwa kunguru. Na asubuhi walikuta nyayo za mbweha, na za vile vimbwa vya msituni vyenye uso kama vimevaa miwani myeusi, na siku moja nyayo kubwa, moja ikiwa na pengo.

Glafira alipoteza mbwa wawili. Wa tatu, jike mwekundu aliyeitwa Bulka, alinusurika, kama huko kunaitwa kunusurika. Ugonjwa ulimwachia alama. Taya lilitafuna pasipo kitu, tak tak tak, na mguu wa mbele ulirukaruka wenyewe, hata akilala. Kucha zilipiga ubao wa sakafu, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Mara nyingi Glafira alijikuta amekwisha kuitika "Karibu" kabla hajakumbuka.

Alimwacha Bulka kwa Pankrat, akapanda peke yake.

Msitu alioukuta haukuwa ule anaoujua. Haukuwa kimya tu. Kimya cha msimu wa baridi alikizoea. Ulikuwa kama nyumba ambayo watu wametoka ghafla na kuacha milango wazi. Mitego ilikaa na chambo chake bila kuguswa. Kwenye kijito alikuta kimbwa kimoja chenye uso wa miwani kikizunguka, kikizunguka, kimechimba mtaro wa duara kwenye theluji kwa miguu yake, na alipokaribia hakikumwona. Juu zaidi, chini ya msonobari ulioanguka, alikuta mtoto wa chui milia, mkubwa kama mbwa, amejikunja, mkavu, amekufa bila jeraha. Kunguru hawakumgusa. Kando yake palikuwa na shimo la theluji iliyoyeyuka ikaganda tena, mahali mama alipolala, akaamka, akalala tena, akaondoka.

Glafira aligeuka arudi. Na katikati ya njia, palepale ambapo alama za skii zake zilipita muda mfupi uliotangulia, Mwenzangu alikuwa ameketi.

Alikuwa ameketi kama paka mlangoni, mkia umezungushwa miguuni. Mbavu zilihesabika. Glafira alisimama, akageuza mtutu chini. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Mkubwa, sote tuna njaa, sote tuna njia. Nipishe, nikupishe."

Chui hakusogea. Alikuwa anamtazama, lakini macho yake yalimpita Glafira yakaenda nyuma yake, mbali, kama mtu anayetazama dirishani gizani. Ndipo Glafira akasikia sauti, ndogo, kavu, na mwili wake ukaijua kabla ya akili: tak tak tak. Taya la chui lilikuwa linatafuna hewa. Na bega lake lilikuwa linaruka, dogodogo, kwa mwendo uleule wa Bulka kando ya jiko.

"Mama yangu," alisema Glafira. "Na wewe?"

Chui aliinuka. Akayumba, akaja. Glafira hakukimbia, si kwa ushujaa. Skii hazigeuki haraka. Mnyama alimpita karibu kiasi kwamba manyoya yalisugua skii zake, akanuka mkojo na usaha, akaendelea kushuka njiani bila kugeuza kichwa. Kwa miaka yote Glafira aliogopa kwamba siku moja yule chui atamla. Hakuwahi kufikiria kwamba siku moja atampita kama kisiki. Hilo ndilo lililomvunja. Taa zilikuwa zinawaka ndani ya macho yale, lakini wenyewe hawamo.

Alama za skii zilishuka hadi Siguyan, na chui alizifuata.

Glafira alipofika, akiwa amezunguka kwa njia ndefu ya mtoni, alikuta kijiji kimejifungia. Mwenzangu alikuwa ameketi barabarani mbele ya duka. Nyuma ya kila dirisha palikuwa na nyuso. Pankrat alimvuta Glafira ndani ya duka kupitia mlango wa nyuma, na humo alikuta nusu ya majirani zake wamekwama tangu asubuhi, wanakula biskuti na kugombana.

"Huyo ni kaka," Pankrat alisema, bunduki ikiwa mikononi. "Nakuapia, shem. Amekaa kama kaka alivyokuwa anakaa akisubiri duka lifunguliwe."

"Kaka yako hakuwahi kusubiri duka lifunguliwe," alisema muuza duka. "Aliligonga mpaka nikaamka."

Bibi Agafya, mkongwe kuliko wote, alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, na hakuwa anacheka. "Mwanangu Glafira," alisema, "mke mwenza amekuja kudai zamu yake. Umemwachia nini huko juu hata akufuate?"

"Sijamwachia kitu, Bibi. Anaumwa."

"Mzee haumwi. Mzee hukasirika."

"Anaumwa kama Bulka. Ule ugonjwa wa mbwa. Msikilize taya lake."

Wakasikiliza. Kupitia kioo cha dirisha, katika baridi ile isiyo na upepo, ilisikika: tak tak tak. Muuza duka alijifunika mdomo kwa mkono. Kwa sababu kama Mzee amekasirika, kuna la kufanya: unaomba, unaacha tumbaku kwenye mti, unangoja. Lakini Mzee akiwa ameshikwa na kitu kilichomshika mbwa wa jirani, basi unamwomba nani?

"Nisimpige?" aliuliza Pankrat. "Shule ile pale. Akielekea shuleni je?"

"Ukimpiga, usiniambie ni mimi niliyesema," alijibu Bibi Agafya. "Na usipompiga, pia usiniambie."

Pankrat aliiegemeza bunduki ukutani, akaipa mgongo.

Chui alikaa pale mpaka mchana. Mbwa mmoja kati ya wachache waliobaki kijijini alimbwekea kutoka uani, na chui hakumgeukia. Lori la maziwa lilikuja, likapiga honi, likarudi kinyumenyume hadi darajani. Ndipo watu wa wanyamapori walipofika kutoka mjini na gari la kijani, na pamoja nao daktari wa wanyama, Rimma, mwanamke kijana mwenye sauti ya kukwaruza. Alimpiga sindano ya usingizi kwa bunduki kutoka dirishani mwa gari. Chui alitazama mahali sindano ilipoingia, kana kwamba ni jambo lililompata mtu mwingine, akalaza kichwa barabarani.

Walimweka kwenye banda la gari la zimamoto, ndani ya kizimba, kwani jioni hiyo theluji ilianguka ikaifunga barabara ya mjini. Glafira aliomba akae naye. Rimma alimpa kiti.

"Kitu hiki hakitanipata?" Glafira aliuliza.

"Wewe? Hapana, mama. Ni ndugu wa surua ya watoto, lakini hiki kinawapenda walao nyama."

"Nani alimpa? Mbwa wetu?"

Rimma alivua glavu polepole. "Inawezekana. Alikula mbwa wenu, hilo nimelisikia. Lakini amekula na nyegere pia, na vile vidogo vyenye miwani. Na mbwa wenu walipata wapi? Mbweha ananusa mzoga, kicheche anapita nyuma ya mbweha, wanagombana, wanapigiana chafya. Kirusi hakiangalii nani ni wa nyumbani, nani ni wa porini. Kwake wote ni vyumba vya nyumba moja."

"Lakini lazima kilianzia kwa mmoja."

"Lazima. Damu itaniambia jina lake, mama. Haitaniambia kilibisha kwa nani kwanza."

Glafira alikaa. Alijua angelala vizuri zaidi kama angeambiwa ni kosa lake, au kosa la waokota kokwa, au hasira ya Mzee. Kosa lina mwenyewe. Unaweza kwenda kwake ukasimama mlangoni. Hiki hakikuwa na mlango.

Kulipopambazuka, chui alianza kukimbia akiwa amelala. Miguu minne mikubwa ilipiga hewa, ule wenye pengo pamoja nayo, mbio ndefu ya kushuka mlima ambayo haikumfikisha popote. Glafira aliingiza mkono kati ya nondo, jambo ambalo Rimma angemzuia kama angekuwa macho, akauweka juu ya ubavu ule.

"Mwenzangu," alimwambia, "alipokufa yule bwana, ulikuwa unamlinda au unasubiri?"

Mbio zilipungua, zikawa mwendo, zikasimama.

Msimu huo Glafira hakupanda tena. Pankrat alichukua njia ya mitego, na aliporudi alisema vicheche wachache, nyayo hakuna, hata moja. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, kisha akaona uso wa shemeji yake, akajitia kutafuta kiberiti. Glafira alianza kuzungumza peke yake akiwa nje. Akienda kisimani aligeuka nyuma, akasubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kumfikia. Watoto waliliona wakaliiga, na mama zao wakawafinya.

Theluji ilipoyeyuka Rimma alirudi na sanduku la chanjo, anatafuta mtu wa kumshikia mbwa. Mbwa wa Kiudege hawapendi wageni. Glafira alikuwa na mikono yenye nguvu na hakuwa na la kufanya. Walianza Siguyan, wakashuka kijiji hadi kijiji kwa mashua. Alishika midomo, akafunika macho ya mbwa kwa kiwiko, akawanong'oneza upuuzi masikioni. Wenye mbwa waliwatania.

"Mimi mwenyewe sijachanjwa, nyie mnachanja mbwa?"

"Lala hapo chini basi," Glafira alijibu, "daktari ana sindano ya kukutosha."

Mbele ya watu alikuwa mcheshi yuleyule wa dukani. Lakini ndani ya mashua, kati ya kijiji na kijiji, mwanamke yule alikaa akitazama kingo za mto, upande mmoja kisha mwingine.

Katika kijiji cha mwisho kabla ya tambarare, vuli ikiwa inaanza tena, waliingia uani kwa mzee mmoja aitwaye Yelisei. Alikuwa mchangamfu, mwenye meno mawili. Alikuwa na mbwa wanne, alisema, lakini wasubiri kwanza, wanywe chai, awaonyeshe maajabu.

"Tumepata mgeni," alisema akiwamiminia. "Mbweha. Amekuja mwenyewe, mchana, akaingia kwenye kibanda chetu cha kuogea mvuke, akalala karibu na jiko. Haogopi moto, haogopi mtu. Mke wangu anampa mkate kwa mkono! Anasema ni baraka, mnyama wa porini kukuamini hivyo."

Rimma alikiweka kikombe chini. Glafira hakuwa amegusa chake.

"Mzee," alisema Glafira, "mbwa wako wako wapi?"

"Si ndiyo ninayokwambia! Humohumo kibandani, pamoja naye. Wamelala wote rundo moja, wanalambana nyuso. Hujawahi kuona upendo kama huo, mama. Njoo, njoo uone." Na alikuwa amekwisha kusimama, ana furaha, anawafungulia mlango.